Maji Hadi Nusu ya Bomba

Ukingo wa mtaro ulipokatika, Muzamil alikuwa amekaa ndani ya shimo la kuchomelea mabomba, akisugua mdomo wa bomba kwa brashi ya waya. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Butiama. Huku Kiabakari, penye mtaro, jua lilikuwa linawaka, na vibarua walikuwa wameanika makoti yao juu ya mawe. Hakuna aliyefikiria maji. Yalikuja kimya kimya kutoka juu, yakifuata mtaro kana kwamba umechimbwa kwa ajili yake, yakalegeza udongo chini ya magogo yaliyobeba bomba. Kisha ukingo wa kushoto ukateremka wote kwa mkupuo. Bomba likasukumwa, likaporomoka kutoka kwenye magogo, likamkalia Muzamil mguu wa kulia juu ya mwamba.

Alipiga ukelele mmoja, halafu akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikowatisha waliokuwa juu.

Marieta alikuja mbio kutoka kwenye rundo la mabomba, futi ingali mkononi. Kazi yake katika mradi ule wa maji ilikuwa kupokea mabomba: kuyapima urefu, upana na unene wa ukuta, kisha kukokotoa kila moja linabeba maji kiasi gani na lina uzito gani, ili wanaonyanyua wajue wananyanyua nini. Alikuwa binti wa Suguti, wazazi wake wakulima wa muhogo na wavuvi wa msimu, na chuo alikisoma kwa samaki wa baba yake. Vibarua walimwita injinia ingawa yeye alikuwa akiwakatalia.

Alipofika ukingoni, Kudura alikuwa tayari amesharuka ndani. Kudura ndiye aliyeendesha pampu, na Muzamil alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Wote wawili walikulia Bunda, katika karakana ya baba yao ya kutengeneza mageti, na walikuwa wameajiriwa siku moja.

"Mtaimbo," Kudura alisema. "Nipeni mtaimbo."

Wakampa. Akaupenyeza chini ya bomba, akaulalia kwa kifua chake chote. Bomba likanyanyuka unene wa kidole, mtaimbo ukateleza kwenye chuma chenye matope, bomba likarudi. Muzamil akauma mkono wa shati lake. Kudura akautupa mtaimbo kana kwamba umemuunguza.

"Hakuna kugusa tena," alisema Apolinary. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi, mtu wa makamo aliyekuwa amelaza mabomba mikoa mingi, na sauti yake haikupanda. "Leteni eskaveta. Polepole."

Eskaveta ikaja. Kabla haijafika mahali ambapo mkono wake ungeweza kulifikia bomba, ardhi iliyokuwa imebaki juu ya kichwa cha Muzamil ikafunguka ufa mrefu, sambamba na mtaro, kutoka kwenye jiwe moja kubwa hadi jingine. Dereva aliuona. Akarudisha mashine nyuma bila kuambiwa, akazima injini, akakaa na mikono magotini.

Sasa wote wakaelewa hali ilivyo. Chini ya Muzamil ulikuwa mwamba mtupu, kwa hiyo mguu usingeweza kufukuliwa. Juu yake ulikuwa ukingo ambao haukutaka uzito wowote. Udongo uliokwisha kuporomoka ulikuwa umeuziba mtaro upande wa chini, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakishuka yalikuwa yanajaa palepale alipo. Kuuondoa udongo ule kusingewezekana, maana ndio uliokuwa unaushikilia ukingo uliobaki.

Kudura alipanda, akavuta pampu yake, akateremsha mpira wa kunyonyea, akaiwasha. Pampu ikaanza kuyatapika maji kwenye shamba la muhogo la jirani. Maji yaliyokuwa yamemfika Muzamil tumboni yakasimama. Hayakushuka, lakini hayakupanda.

Apolinary alikuwa kwenye simu. Alipoikata alisema, "Kreni imetoka Bunda, lakini kuna lori limelala katikati ya barabara. Wanalisubiri litolewe."

"Mpaka lini?" Kudura aliuliza.

"Sijui, kaka. Tusubiri. Pampu inafanya kazi, kijana anapumua."

Kibarua mmoja, Shija, alikuwa amechomeka vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, na alikuwa amepiga magoti akivitazama. "Bosi," alisema. "Mwanzo kidole kilikuwa kinaingia. Sasa hivi ngumi inaingia."

Apolinary aliinua macho. Upande wa Butiama wingu lilikuwa limekaa palepale, jeusi.

Marieta alikuwa analitazama bomba. Lilikuwa bomba moja, halijaunganishwa na jingine. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeshachomelewa sahani ya chuma kwa ajili ya majaribio. Mdomo wa chini, ule aliokuwa anausugua Muzamil, ulikuwa wazi, umetokeza juu ya shimo kiasi cha mkono hadi kiwiko. Mguu ulikuwa umebanwa nyuma kidogo ya hapo. Alikumbuka kitu ambacho kila mlaza mabomba hukiogopa. Mvua ikinyesha mtaroni kabla bomba halijafukiwa, na bomba likawa tupu na limefungwa, linaelea. Linapanda lenyewe kama mtumbwi na kuvunja maungio yote. Yeye aliwahi kuliona hilo mara moja, na ilimchukua muda kuamini kwamba chuma kizito vile kinaweza kuelea.

Akamvuta Apolinary pembeni.

"Mzee, tukiziba ule mdomo wa chini, hili bomba litaelea."

Apolinary alimtazama. Alielewa papo hapo, na rangi ya uso wake ikabadilika. "Unataka kuzima pampu."

"Ndiyo."

"Na yule kijana je? Amekaa ndani ya shimo. Maji yakipanda kwa bomba, yanapanda na kwake."

"Ndiyo maana nataka nipime kwanza. Nisipopima siwezi kusema."

"Kama ni la ukuta wa milimita nane, ni jepesi," Apolinary alisema taratibu, kama anayejisemea. "Lakini lori la juzi lilileta ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili. Yote yanafanana kwa nje."

"Alama ya rangi imefutika. Nimeangalia."

Apolinary aliutazama ufa, akamtazama Shija, kisha akafungua mkanda wake wa usalama na kumfunga Marieta kiunoni. "Shuka kwa ngazi ya upande wa mwamba. Ukisikia nimepiga filimbi, unatoka, hata kama hujamaliza."

Alishuka na futi, venia ya kupimia unene, na kipande cha chaki. Maji yalikuwa ya baridi na yalinuka udongo mbichi. Muzamil alikuwa na uso wa rangi ya majivu, lakini macho yake yalikuwa timamu.

"Dada Marieta," alisema. "Unakuja kunipima jeneza?"

"Nakuja kupima bomba. Nyamaza, usipoteze nguvu."

Alipima upana kwenye mdomo, nje kwa nje: sentimita sitini na moja. Urefu aliujua, mita kumi na mbili, lakini hata hivyo alimrushia Shija ncha ya futi, wakapima. Halafu akaikamata venia. Ncha ya mdomo ilikuwa imenolewa mshazari kwa ajili ya kuchomelea, kwa hiyo ilimbidi aingize midomo ya venia ndani zaidi, pale ukuta ulipokuwa mzima. Aliufuta matope kwa kidole gumba. Akabana, akasoma.

Milimita kumi.

Alikuwa ameomba iwe nane. Akahamia upande wa pili wa mdomo, akapima tena. Kumi. Akapima juu. Kumi. Akageuka, akapima kitu cha mwisho: kutoka tumbo la bomba, pale lilipogusa mwamba, hadi usawa wa kidevu cha Muzamil. Sentimita thelathini na nne tu, kwa kuwa yeye alikuwa amekaa shimoni, chini kuliko bomba.

Alipanda, akachuchumaa juu ya jiwe, akafungua kikokotoo cha simu. Chuma cha ukuta ule, kwa urefu ule, pamoja na sahani ya mwisho, kilikuja kilo elfu moja mia nane na ishirini na kitu. Bomba zima likizama lote lingesukuma maji ya kilo elfu tatu na mia tano. Kwa hiyo lingeelea maji yakipita nusu yake kidogo tu. Akakokotoa hiyo nusu na kidogo ni kimo gani. Sentimita thelathini na moja na nusu. Akairudia hesabu kuanzia mwanzo, kwa njia nyingine, akaanza na mzingo. Thelathini na moja na nusu. Kama ukuta ungekuwa nane, ingekuwa ishirini na saba na angeshusha pumzi. Kama ungekuwa kumi na mbili, ingekuwa thelathini na sita, na angeifuta hesabu na kukaa kimya.

Kati ya bomba kuelea na maji kufika kidevuni palikuwa na unene wa vidole viwili vyembamba.

Alimwambia Apolinary. Apolinary alisikiliza hadi mwisho. "Vidole viwili," alisema. "Mimi siwezi kuagiza hilo, binti. Wala kukataa siwezi. Twende kwa kaka yake."

Kudura alikuwa amesimama na mkono mmoja juu ya pampu, kama mtu anayemshika mnyama asikimbie. Marieta alipomweleza, hakumwacha amalize.

"Hapana."

"Kaka Kudura, tafadhali nisikilize."

"Wewe ndiyo unisikilize. Hii pampu ndiyo inamweka hai mdogo wangu. Nikiizima anakufa, mimi nikiwa namwangalia. Hesabu zako ni za kwenye simu, dada. Yeye yuko ndani ya maji."

"Ni za kwenye simu, ndiyo. Na ule ufa?"

"Kreni inakuja."

"Kreni ikija, itasimama wapi? Eskaveta yenyewe imeshindwa kusogea."

Kudura alikaza mkono juu ya pampu. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Baba alipokuwa anafariki," alisema, "alinishika huu mkono akasema, mwangalie mwenzio. Sasa wewe unaniambia nimmwagie maji."

Sauti ilitoka chini. "Mnaongea nini huko juu? Niambieni na mimi. Mguu ni wangu."

Walitazamana. Kisha Marieta akashuka tena, na Kudura akaja nyuma yake hadi kwenye ngazi.

"Muzamil," alisema Marieta, "nimepima bomba. Tukilikausha ndani na kuziba huu mdomo, litakuwa na upepo mtupu. Maji yakipanda, litaelea. Lakini itabidi tuyaache yapande."

"Mpaka wapi?"

Aliweka kidole ubavuni mwa bomba, juu kidogo ya katikati. "Hapa." Kisha akakiweka kidole kwenye koo la Muzamil, chini ya kidevu. "Kwako ni hapa."

Muzamil alikitazama kidole pale bombani. "Ukuta wake?"

"Kumi."

"Jana tulichomelea ya nane."

"Nimepima mara tatu. Hili ni kumi."

Alifumba macho. Alikuwa fundi wa chuma tangu utotoni na alijua milimita mbili ni nini: kwake siku zote zilikuwa mzunguko mmoja zaidi wa kuchomelea, jasho zaidi kidogo. "Na kreni?"

"Iko njiani. Sijui itafika lini. Na huu ukingo..." Hakumalizia. Donge la udongo lilianguka kutoka juu, likatumbukia majini kando yao, na mawimbi madogo yakampiga Muzamil kifuani.

"Kaka," Muzamil alisema bila kufumbua macho. "Fanyeni. Zima."

Kudura aliutazama ukingo. Kisha akapanda, na waliokuwa juu wakamsikia akiuliza nani ana kisu.

Kazi ya kuziba walifanya wao watatu, Kudura, Shija na Marieta, kwa sababu Apolinary hakuruhusu zaidi. Waliingiza mpira wa pampu ndani ya bomba wakanyonya maji na matope yaliyokuwa yameingia, mpaka pampu ikaanza kukoroma kwa kukosa maji, kisha wakaurudisha mpira shimoni. Wakapachika kifuniko cha plastiki kilichokuja na bomba kutoka kiwandani, ambacho kwa kawaida huzuia vumbi na panya tu. Juu yake wakavika turubai lililokunjwa mara kadhaa, na juu ya turubai Kudura akazungusha vipande vya mpira wa tairi alivyovikata kwa kisu, akivuta kila mzunguko kwa meno na mikono miwili. Walijaribu kumwinua Muzamil kwa mfuko wa mchanga chini ya makalio, apate vidole viwili zaidi. Mguu ulikataa, na Muzamil akatoa sauti iliyowafanya wauondoe mfuko wenyewe.

Kudura alikata kipande kifupi cha mpira wa maji, akakipuliza kuhakikisha hakina kitu ndani, akakivisha kwenye mkanda wake. Hakusema ni cha nini.

Marieta alichora mstari wa chaki ubavuni mwa bomba, kwenye thelathini na moja na nusu. Apolinary alikwenda mwenyewe kusimama kwenye pampu. Mbao ndefu zililazwa upande wa juu wa mtaro, kule mwamba ulikokuwa imara, na wanaume wanne wakasimama juu yake na kamba iliyopitishwa chini ya ncha ya juu ya bomba.

"Haya," alisema Marieta.

Pampu ikazimwa.

Mlio ulipokoma, watu walisikia maji. Hayakuwa na haraka. Yalikuwa yanaingia kutoka juu ya mtaro kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaza ndoo bombani. Kudura aliingia shimoni nyuma ya mdogo wake, akamkumbatia kwa kifua, akaweka kiganja chini ya kidevu chake. Marieta alisimama upande wa pili, maji yakimfika mapajani, macho kwenye chaki.

Maji yakalificha tumbo la bomba. Yakampita Muzamil kifuani. Yakafika kwenye makwapa, na meno yake yakaanza kugongana.

"Tupige stori," Kudura alimwambia sikioni. "Unakumbuka geti la yule mwalimu wa Kabasa? Ulilipima kwa fimbo."

"Halikuingia," Muzamil alisema.

"Halikuingia. Mzee akakulaza nalo nje."

Robo ya bomba. Theluthi. Juu, Shija aliita kwa sauti iliyokauka kwamba kijiti kimoja kimelala. Apolinary akasema, "Nimesikia," basi.

Maji yakafika kwenye mabega ya Muzamil, yakapanda shingoni. Yaligusa mstari wa chaki, yakaulamba, chaki ikaanza kuyeyuka na kuwa maziwa. Marieta aliweka kiganja juu ya bomba. Lilikuwa baridi na halikutikisika. Hata kidogo.

Akasubiri. Maji yakaumeza mstari.

Urefu, alijisemea. Upana. Ukuta, mara tatu. Sahani ya mwisho nimeihesabu. Basi ni nini? Akainama, akabandika sikio kwenye turubai. Kama maji yalikuwa yanaingia ndani angeyasikia. Palikuwa pakavu, alisikia mwangwi mtupu, kama ndani ya mtungi.

"Dada," alisema Kudura.

Maji yalikuwa kwenye kidevu. Muzamil alikuwa ameinua uso, anapumua kwa pua, macho angani.

"Niwashe?" Apolinary aliuliza kutoka juu. Mkono wake ulikuwa kwenye kamba ya kuwashia.

Marieta alitazama chini, akaona matope yaliyokuwa yamelizunguka bomba upande wa mbali na mwamba, mazito, yamelishika jinsi matope ya mbugani yanavyoshika kiatu ukitaka kunyanyua mguu. Uzito ulikuwa umekwisha. Kilichobaki kilikuwa kule kushikwa.

"Bado," alisema.

Lilikuwa neno fupi, na hakuwahi kusema neno zito kuliko lile maishani mwake. Kisha akapaza sauti kwa wale wanne wa kwenye mbao: "Msivute juu. Tikiseni. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto."

Walivuta kulia, kamba ikalia. Wakavuta kushoto. Maji yalimfika Muzamil mdomoni, akaubana. Kudura aliuchomoa ule mpira mkandani mwake, akamtia mdomoni, akaziba midomo yake kwa vidole vyake mwenyewe, na ncha ya juu akaishika wima kama mtu aliyeshika mshumaa upeponi. Maji yakapita pua. Kilichobaki juu kilikuwa paji la uso, na sauti ya pumzi ikipita ndani ya mpira, kavu, ya haraka. Kudura hakulitazama bomba wala hakumtazama Marieta. Alikuwa anautazama mpira.

"Kulia," alisema Marieta. "Tena. Tena."

Bomba lilitoa sauti kama mtu anayepumua baada ya kubanwa kifua. Mapovu makubwa yakatoka chini yake, ya kahawia, na chini ya kiganja chake Marieta akahisi chuma kikisogea, kikipanda, polepole, bila nguvu ya mtu yeyote. Alilisukuma kwa bega. Kilo elfu moja na mia nane zikasogea kama mtumbwi.

"Mtoe," alisema, na sauti haikutoka vizuri. "Kaka, mtoe."

Kudura alikuwa ameshavuta. Muzamil alitoka majini kinyumenyume, mguu ukiburuzika nyuma yake kwa pembe isiyofaa, akatapika maji, akakohoa, akaanza kulia kwa sauti kubwa kama mtoto. Kudura alimbeba mgongoni hadi kwenye ngazi ya mwamba. Wakamfunga kwenye ubao, wakamvuta kwa kamba.

Pikapu ilikuwa inaondoka kuelekea Musoma, Marieta amekaa nyuma na kichwa cha Muzamil mapajani mwake, ukingo ulipoanguka. Alisikia mshindo, akaona watu wakirudi nyuma kwa pamoja. Hakugeuza shingo kutazama shimo.

*

Mguu ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Madaktari waliunyoosha na kuutia chuma ndani, jambo lililomchekesha Muzamil alipoambiwa. Aliuliza ni chuma cha unene gani na nani alikichomelea. Lakini walimweleza pia, bila kumficha, kwamba kifundo hakitakunjika tena kama zamani na kazi za mtaroni azisahau. Siku ile hakucheka, na hakutaka kula.

Marieta alikwenda kumwona kazi iliposimamishwa ili ukaguzi ufanyike. Aliwakuta ndugu hao wawili kwenye varanda ya wodi, wanatazama ziwa kupitia uwazi kati ya majengo. Shamsia, mke wa Kudura, alikuwa ameleta sato wa kuchemsha na ugali, na walimlazimisha anawe kwanza.

Walikula. Kudura hakuwa amezungumza naye tangu siku ile, zaidi ya salamu. Alipomaliza alifuta mikono, akasema huku akitazama sahani, "Dada, nataka nikuulize kitu. Lisingepanda je?"

Marieta alikuwa amejiuliza swali hilo mara nyingi, akiwa amelala na akiwa macho. "Ningekuwa nimemuua mdogo wako."

Kudura aliitikia kwa kichwa taratibu. "Mimi pia ndivyo ningesema. Na ningesema hivyo maisha yangu yote, hata kama kila mtu angesema ni udongo." Akaisukuma sahani pembeni. "Pale pampu ilipozimwa nilitaka kuja kukupiga. Ujue."

"Nilijua."

Muzamil alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo, mguu umenyooshwa juu ya kiti. "Mimi nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Yule mzee akiuliza awashe. Maji yalikuwa masikioni lakini nilisikia. Na wewe ukasema bado." Alimtazama. "Nilikuwa nataka kujitupa, kuuvuta mguu, ukatike ukatike. Nikasema, huyu amesema bado, ina maana anajua. Ndiyo maana nilitulia. Ulijua, sivyo?"

Shamsia aliacha kukusanya vyombo. Kutoka wodini ilisikika redio ya mgonjwa mwingine, matangazo ya vifo.

"Uzito nilikuwa nimeujua," Marieta alisema. "Kwamba yale matope yataliachia bomba, hapana. Hilo sikulijua."

Muzamil aliendelea kumtazama, na kwa muda alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba ngazi aliyokwisha kuipanda ilikuwa imeoza. Kudura alisogeza kiti chake karibu na cha mdogo wake, kisha akachukua chupa ya chai. Alimimina kikombe cha kwanza, akampa Marieta.